Adui ni Maji: Historia ya Mavazi ya Vyombo Vidogo Katika Bahari za Baridi

Utangulizi

Nilizaliwa kando ya Ziwa Kivu. Katika likizo ya mwaka wangu wa kwanza chuoni nilimwomba mjomba wangu, ambaye ni mvuvi wa sambaza, anichukue ziwani usiku mmoja. Wavuvi wetu huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, huwasha taa ili kuwavuta samaki, na hukaa juu ya maji mpaka karibu na alfajiri. Ziwa hilo liko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo nilijua kutakuwa na baridi. Nilivaa nguo nzito kuliko zote nilizokuwa nazo: shati la pamba, suruali ya jinzi na koti la jinzi. Mvua ilitunyeshea kabla ya usiku wa manane. Koti langu likawa zito kama gunia la mchanga, nami nikaanza kutetemeka hadi meno yakagongana. Mjomba alikuwa amevaa sweta kuukuu la sufu, na juu yake kipande cha plastiki alichokitoboa tundu la kupitisha kichwa. Hakutetemeka hata kidogo. Aliniambia nivue koti lile. "Mpwa wangu," alisema, "uzito wa nguo si joto lake."

Insha hii imetokana na kauli hiyo. Kivu si ziwa la barafu, na baridi yake ni ya kutetemesha zaidi kuliko ya kuua. Lakini ziko bahari ambako anayekosea kuchagua nguo ndani ya chombo kidogo hapati nafasi ya kujifunza kutokana na kosa lake. Nilitaka kujua watu wa bahari hizo walichaguaje mavazi yao, na ujuzi huo ulitoka wapi. Hoja yangu ni kwamba historia ya mavazi haya ni historia ya kutambua adui halisi. Waliodhani adui ni hewa baridi waliteseka, na waliotambua kwamba adui ni maji walipata suluhisho mapema sana. Nitaonyesha pia kwamba sehemu kubwa ya ujuzi huo ilikuwa mikononi mwa wanawake washonaji na wafumaji, ambao vitabu vingi vya historia ya bahari huwataja kwa nadra kuliko manahodha.

Baridi kavu na baridi ya maji

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, ni vyema kueleza kwa nini maji ni tatizo la pekee. Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia. Mtu anayesimama nchi kavu penye baridi hulindwa na hewa iliyonaswa ndani ya nguo zake. Nguo ikilowa, nafasi ya hewa huchukuliwa na maji, na joto la mwili hutoroka haraka. Pamba ndiyo mbaya zaidi katika hali hiyo, kwa sababu hufyonza maji mengi, hujibana kwenye ngozi na huchelewa kukauka. Sufu nayo hulowa, lakini nyuzi zake zilizojikunja hubaki na nafasi za hewa, hivyo huendelea kutunza joto kiasi.

Jambo la pili ni ukubwa wa chombo. Baharia wa meli kubwa anaweza kushuka chini ya sitaha, akabadili nguo na kukauka. Aliye ndani ya mtumbwi au mashua ndogo hana pa kwenda. Amekaa karibu na uso wa maji, wimbi humrukia, upepo humpiga, na chombo chake kinaweza kupinduka wakati wowote. Kwa hiyo nguo zake zinapaswa kujibu maswali matatu kwa pamoja: je, zinatunza joto, zinazuia maji na upepo, na zitamsaidiaje akianguka majini? Nitatumia maswali haya matatu kupima kila hatua ya historia.

Washonaji wa kaskazini

Jibu la zamani na kamili zaidi ninalolifahamu lilitoka kwa watu wa Aktiki na jirani zake. Katika visiwa vya Aleutian, kati ya Alaska na Kamchatka, Waunangan waliwinda wanyama wa baharini kwa vyombo vyembamba vya ngozi walivyoviita iqyax. Huko bahari ina ukungu, upepo mkali na mvua karibu mwaka mzima. Vazi lao la kazi lilikuwa joho lenye kofia lililoshonwa kwa matumbo ya sili, simba-bahari na hata dubu. Utumbo ulisafishwa, ukakwanguliwa, ukajazwa hewa na kukaushwa, kisha ukapasuliwa kuwa ukanda mrefu. Kanda hizo ziliunganishwa kwa uzi wa kano za wanyama. Uzi wa kano huvimba unapolowa, hivyo matundu ya sindano hujiziba yenyewe maji yanapofika. Vazi lililotokea lilikuwa jepesi mno, nalo lilizuia mvua na mawimbi.

Wainuit wa Greenland walilijibu swali la tatu vizuri zaidi. Waliposafiri kwa kayaki walivaa tuilik, yaani vazi la ngozi ya sili iliyoondolewa manyoya, lenye kofia. Lilikazwa kwa kamba kuzunguka uso na vifundo vya mikono, na upindo wake wa chini ulifungwa kwenye ukingo wa tundu la kukalia. Mtu na chombo wakawa kitu kimoja. Kayaki ikipinduka, mwindaji hakulazimika kutoka. Alitumia kasia lake kuizungusha mpaka akarudi juu, na maji hayakuingia ndani ya nguo wala ndani ya chombo. Kwa hiyo kujiokoa kwake kulitegemea mshono kwa kiwango kilekile kilichotegemea nguvu za mikono. Kama mshono ungefumka, ustadi wake wote usingemfaa.

Washonaji wa mavazi haya walikuwa wanawake. Mtoto wa kike alijifunza kwa mama na nyanya yake ni utumbo upi unafaa, ngozi ikwanguliwe kiasi gani na sindano ipite wapi. Ningependa msomaji atambue kwamba hii ilikuwa elimu ya kitaalamu. Ilikuwa na majaribio yake, vipimo vyake na adhabu yake, kwa kuwa kosa la mshonaji lilionekana pale ambapo mume au mwana hakurudi.

Wageni waliofika huko waliona thamani ya mavazi hayo. Baada ya safari ya Vitus Bering mwaka 1741, wafanyabiashara wa Urusi walimiminika visiwani kutafuta manyoya ya fisi-maji wa baharini. Walichukua mateka ili kuwalazimisha wanaume wa Kiunangan kuwawindia, na idadi ya Waunangan ikapungua vibaya kwa maradhi, dhuluma na njaa. Warusi wenyewe walivaa majoho ya matumbo, wakayaita kamleika. Kapteni James Cook alipofika Unalaska mwaka 1778, mchoraji wake John Webber aliwachora wenyeji wa huko. Ujuzi huo ulionekana, ukatumiwa na kuwaingizia wengine faida, lakini wenye ujuzi hawakupewa heshima ya kuitwa wavumbuzi.

Lugha nayo imetunza ushahidi. Maneno kayak na anorak, yaliyoenea katika lugha nyingi za Ulaya, yana asili ya lugha za Wainuit. Kwa mwanafunzi wa lugha kama mimi, neno linapohama pamoja na kitu chake, linatuonyesha ni nani alikuwa mwalimu.

Sufu, mafuta na magome

Wavuvi wa Ulaya ya kaskazini nao walikuwa na njia zao. Katika pwani za Uingereza walivaa sweta za sufu zilizofumwa kwa mafundo yaliyobanana sana, bila mshono wa ubavuni, ili upepo na matone yapate shida kupenya. Wafumaji wake walikuwa hasa wake, mama na dada za wavuvi. Husemwa mara nyingi kwamba kila kijiji kilikuwa na nakshi yake ili maiti ya mvuvi itambuliwe ikitupwa ufukoni. Simulizi hii inavutia, lakini mwanafunzi wa historia anapaswa kuwa mwangalifu nayo. Huhusishwa na tamthilia ya J. M. Synge, Riders to the Sea, ya mwaka 1904, ambamo mtu aliyezama anatambuliwa kwa mafundo ya soksi aliyofumiwa na dada yake. Nakshi nyingi zilisafiri kutoka bandari moja hadi nyingine pamoja na wafumaji, kwa hiyo zisingeweza kuwa kitambulisho cha uhakika. Naona ajabu kwamba tunazikumbuka sweta hizi kwa namna ya kutambua maiti, ilhali kazi yake ilikuwa kumlinda aliye hai.

Sufu peke yake ilijibu swali la kwanza tu. Kwa swali la pili, mabaharia walipaka turubai mafuta au lami. Mwaka 1877 nahodha wa Norway, Helly Juell Hansen, pamoja na mkewe Maren Margarethe, walianza kutengeneza makoti na suruali za kitani kizito kilicholoweshwa kwa mafuta ya mbegu za kitani. Kazi iliyokuwa ikifanywa nyumbani na kila familia ikawa bidhaa ya kuuzwa. Nguo hizo zilizuia maji, ingawa zilikuwa ngumu, zilinata, na jasho lilibaki ndani.

Kuhusu swali la tatu, maendeleo yalikuja kupitia msiba. Mwaka 1854 Kapteni John Ross Ward wa shirika la uokoaji baharini la Uingereza alibuni jaketi lililoshonewa vipande vya magome mepesi, yale yatumikayo kutengenezea vizibo vya chupa. Tarehe 9 Februari 1861, katika mji wa Whitby, mashua ya uokoaji ilipinduka baada ya kuwa imekwisha kuokoa watu siku hiyohiyo. Kati ya wanaume 13 waliokuwemo, 12 walifariki. Aliyenusurika ni Henry Freeman, naye ndiye aliyekuwa amevaa jaketi hilo jipya. Kabla ya hapo, nguo ya baharini ilikusudiwa kumtunza mtu akiwa ndani ya chombo. Tukio la Whitby liliwaonyesha watu waziwazi kwamba lazima imtunze pia akiwa nje yake.

Safari ya James Caird

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi tofauti kati ya baridi kavu na baridi ya maji ni safari ya Ernest Shackleton mwaka 1916. Meli yake, Endurance, ilikuwa imevunjwa na barafu ya Antaktika na kuzama Novemba 1915. Baada ya miezi mingi juu ya barafu, watu wake 28 walifika Kisiwa cha Elephant. Tarehe 24 Aprili 1916 Shackleton na wenzake watano walitoka hapo kwa mashua iliyoitwa James Caird, yenye urefu wa karibu mita 7, kwenda kutafuta msaada katika kisiwa cha Georgia Kusini. Walisafiri zaidi ya kilomita 1,300 katika bahari yenye dhoruba kali, wakafika tarehe 10 Mei.

Nguo zao zilikuwa za sufu, na juu yake walivaa nguo za gabadini. Hizi zilikuwa nguo bora za wakati wake, lakini kwa kazi nyingine. Zilikusudiwa kuzuia upepo kwa mtu anayetembea au kuvuta mizigo juu ya theluji kavu, wala hazikuweza kuzuia maji ya mawimbi. Ndani ya mashua wimbi liliwalowesha, na kabla hawajakauka lingine liliwafikia. Nguo zenye chumvi ziliwachubua ngozi mpaka vidonda. Mifuko yao ya kulalia, iliyoshonwa kwa ngozi za kulungu wa nchi za baridi, ililoa, ikaanza kuoza na kupukutisha manyoya yaliyoingia hata katika chakula. Miwili ikatupwa baharini. Kilichowasaidia sana ni chakula cha moto na maziwa ya moto waliyopikiana kwa jiko dogo kila zamu. Kwa maneno mengine, joto ambalo nguo zilishindwa kulitunza ilibidi liingizwe upya tumboni.

Mtu anaweza kupinga kwamba si haki kumlaumu Shackleton, kwa kuwa hakuchagua kusafiri kwa mashua. Alipanga safari ya kuvuka bara la barafu kwa miguu, na meli ilipozama alivaa alichobaki nacho. Nakubali pingamizi hili. Wote sita walifika wakiwa hai, na wale 22 waliobaki kisiwani waliokolewa tarehe 30 Agosti 1916. Simlaumu kiongozi huyo. Ninachosema ni kwamba vazi bora kwa baridi moja linaweza kuwa mzigo katika baridi nyingine. Watu hawa walikuwa na vifaa vya kisasa kwa kipimo cha zama zao, lakini ndani ya mashua mwanamke wa Kiunangan asiyejua kusoma angewavisha vizuri zaidi.

Kutoka utumbo hadi neoprini

Karne ya 20 ilileta malighafi mpya. Mpira wa kutengenezwa uitwao neoprini ulivumbuliwa na kampuni ya DuPont mwaka 1930. Mwaka 1952 mwanafizikia Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California alitambua kwamba neoprini yenye viputo vidogo vya gesi inaweza kumtunzia mtu joto hata akiwa ndani ya maji. Nguo hiyo haimzuii mvaaji kulowa. Joto hutunzwa na viputo vilivyofungiwa, ambavyo maji hayawezi kuchukua nafasi yake. Baadaye, mwaka 1969, Bob Gore aligundua namna ya kutanua plastiki fulani mpaka ikawa na vitundu vidogo vinavyozuia matone ya maji huku vikiruhusu mvuke wa jasho kutoka.

Leo mtu anayeendesha mashua ndogo ya tanga katika nchi za baridi hufundishwa kuvaa tabaka. La kwanza, karibu na ngozi, huwa la sufu au nyuzi za kutengenezwa, kamwe si pamba. La pili hunasa hewa. La nje huzuia maji na upepo, na juu ya yote huwa jaketi la kuokoa maisha. Kanuni kuu ni kwamba mtu achague nguo kwa kufuata joto la maji, wala si la hewa. Jua la masika linaweza kuwaka vizuri ilhali bahari bado ina baridi ya kipupwe, na anayeanguka humo ghafla hushtuka, huvuta pumzi bila kutaka, na ndani ya dakika chache vidole vyake hukosa nguvu ya kushika hata kamba.

Nilipoisoma kanuni hii mara ya kwanza niliiona mpya. Baadaye nikagundua kwamba ndiyo iliyomo katika tuilik: manyoya au sufu ndani, ngozi isiyopitisha maji nje, vifungo usoni na mikononi, na vazi lililobuniwa kwa kudhania kwamba chombo kitapinduka. Malighafi zimebadilika, lakini fikra ni ileile.

Nani anakumbukwa?

Hata hivyo sitaki kuyatukuza mavazi ya kale kupita kiasi. Joho la matumbo lilihitaji kupakwa mafuta na kushonwa upya mara kwa mara, liliweza kupasuka, na wawindaji wengi walizama pamoja na ustadi wao wote. Mwingereza Gino Watkins, aliyejifunza kuzungusha kayaki kwa Wainuit, alifariki mwaka 1932 akiwinda peke yake kwa kayaki mashariki mwa Greenland. Bahari haina mkataba na mtu yeyote.

Hoja yangu inahusu kumbukumbu. Tunajua jina la Bradner, la Gore, la Ward na la Hansen. Wanastahili. Lakini mwanamke wa kwanza aliyegundua kwamba uzi wa kano huziba tundu lake unapolowa hatumjui, wala hatutamjua. Sababu moja ni kwamba hakuandika. Sababu nyingine ni kwamba kushona kulihesabiwa kuwa kazi ya nyumbani, na kazi ya nyumbani haikuhesabiwa kuwa uvumbuzi. Historia ya bahari iliandikwa na waliorudi bandarini, na iliwaacha nje waliowawezesha kurudi.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kuchagua nguo za chombo kidogo katika baridi ni suala la maarifa kabla ya kuwa suala la mali. Waunangan na Wainuit walianza na swali sahihi, kwamba maji yatafika na chombo kitapinduka, ndipo wakapata vazi sahihi. Wavuvi wa Ulaya walilijibu kwa vipande, sufu kwanza, mafuta baadaye, na jaketi la kuelea mwishowe. Watu wa James Caird walionyesha kinachotokea vazi la nchi kavu linapoingia baharini.

Ziwani kwetu wavuvi wengi bado huingia na makoti ya mitumba waliyoyachagua kwa unene wake, na jaketi la kuokoa maisha huonekana kama anasa. Nilipomaliza rasimu ya insha hii nilimpigia mjomba simu nikamuuliza nani alimfundisha mambo ya sufu na plastiki. Alicheka. Akasema sweta lile alifumiwa na shangazi yake, aliyemkataza kuingia ziwani bila hilo. Jina lake ni Nyota, nami ninaliandika hapa.